DAMU YA UFIZI NA SUNNA YA MSWAKI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaamrisha waja wake usafi wa dhahiri na wa batini. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Katika miji ya pwani ya kusini, toka Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hata Kiswere, Mchinga na Lindi, iko dhana moja iliyowaingia watu wengi, nayo ina madhara kwa dini na kwa mwili. Mtu huketi penye birika la msikiti akitia udhu, akashika mswaki wake, akasugua, akatema mate, akaona damu. Hapo huingiwa na khofu, akasema moyoni mwake: damu ni najisi, na mwezi wa Ramadhani ni karibu, basi heri kuuweka mswaki huu. Kesho huuacha, na kesho kutwa huuacha, hata ikawa desturi. Naye hudhani kwamba ameuponya ufizi wake na ameihifadhi ibada yake. Kumbe ameacha sunna iliyotiliwa mkazo, na ameyazidisha maradhi yaleyale aliyoyakimbia.

Basi muradi wa kijitabu hiki ni kubainisha jambo moja: kwamba damu ya ufizi, kwa walio wengi, haikuletwa na mswaki, bali imeletwa na kupunguka kwa mswaki, wala haikatiki kwa kuuacha, bali hukatika kwa kuutumia kwa upole na kwa kudumu.

FASILI YA KWANZA: ASILI YA DAMU HIYO

Ufizi ni ile nyama nyekundu inayoyashika meno kwenye shina lake. Ufizi ulio mzima huwa mgumu kidogo, umelikamata jino, wala hautoki damu kwa kuguswa. Ufizi ulio mgonjwa huvimba, hung'aa, huwa laini, na hutoka damu kwa kitu kidogo: kwa mswaki, au kwa kuuma muhogo, au kwa kufyonza tu.

Na sababu iliyo kubwa ni ukoga. Kila siku juu ya meno, na zaidi pale jino linapokutana na ufizi, hujijenga utando mwembamba unaonata. Utando huo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na mabaki ya chakula na mate. Ukiondolewa kila siku haudhuru. Ukiachwa, vijidudu huzidi na kutoa sumu zao, na mwili hupeleka damu nyingi pale ufizini ili kupigana navyo. Ndiyo maana ufizi hujaa damu na kuvimba, hata ukiguswa kidogo ukavuja. Basi damu ile ni alama ya vita vilivyokwisha kuanza ndani ya ufizi. Mswaki umevifichua tu, haukuvianzisha.

Na haya yamethibitishwa kwa majaribio. Katika mwaka 1965, mtaalamu mmoja Mnorwei, jina lake Harald Löe, pamoja na wenzake katika mji wa Aarhus, nchi ya Denmark, waliwachukua watu 12 wenye fizi zilizo nzima, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Hazikupita siku nyingi, baina ya 10 na 21, ila fizi za wote zilivimba na kuugua. Kisha wakaamrishwa kurejea katika kusafisha, na kwa muda kama wa juma moja fizi zao zikarejea uzima wake. Mwenye akili na alitazame jambo hili: kuacha kusafisha kulileta ugonjwa, na kurejea kusafisha kuliuondoa, wala hapakuwa na dawa nyingine kati yake.

Ama ukoga ukiachwa siku nyingi hugeuka ukawa mgumu kama jiwe, wa manjano au wa rangi ya udongo, ukashikamana na shina la jino. Hapo tena mswaki hauuwezi. Na ugonjwa ukizidi hushuka chini ya ufizi ukala mfupa unaoyashika meno. Ufizi hurudi nyuma, meno huonekana marefu, kinywa hunuka, kisha meno hulegea moja baada ya moja na kung'oka yenyewe bila ya kuoza. Mfupa ulioliwa haurudi kama ulivyokuwa. Wazee wengi husema kwamba meno yao yameanguka kwa sababu ya umri; na kwa hakika wengi wao hawakuangushwa na umri, bali ni damu waliyoiona ujanani wakaipuuza. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, limekadiria kwamba wenye maradhi makali ya fizi ulimwenguni wamepita watu milioni elfu moja. Basi si jambo dogo, wala si la mji mmoja.

FASILI YA PILI: DAMU YA MABAHARIA

Iko sababu nyingine iliyo mashuhuri katika tarikhi, na pwani hii yenyewe iliishuhudia. Mwaka 1498 Vasco da Gama, nahodha wa Wareno, alipokuwa akipanda kutoka kusini, alitua mwezi wa Januari katika mto ulio karibu na Kilimani, nchi ya Msumbiji. Hapo mabaharia wake wengi waliugua: miguu na mikono ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Kisha walipokuwa wakienda kaskazini walitaka kufika Kilwa, lakini upepo na mkondo wa maji haukuwapa, wakaipita. Walipofika Mombasa mwezi wa Aprili, Sultani wa mji aliwapelekea kondoo na machungwa na ndimu na miwa. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, walikaa baharini karibu na miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa maradhi yaleyale ya fizi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, jambo ambalo wagonjwa walilitamani mno lilikuwa machungwa.

Sababu yake haikujulikana siku zile. Mwaka 1747 tabibu wa merikebu za Kiingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao; waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopona upesi kuliko wote. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1795 ndipo merikebu za vita za Uingereza zilipoamrishwa kuwapa mabaharia maji ya ndimu. Na katika mwaka 1932 ikabainika ni kitu gani hasa kilichomo katika matunda hayo, nacho ndicho kiitwacho vitamini C. Mwili ukikosa kitu hicho kwa muda wa mwezi mmoja mpaka mitatu, nyama huwa dhaifu, vidonda havifungi, na fizi huvuja.

Na Mwenyiezi Mungu ameijaalia nchi ya Kilwa na Lindi kuwa na neema hii kwa wingi. Machungwa na ndimu yapo. Mapera yamepita chungwa kwa vitamini hiyo. Na ubuyu pia unayo. Na liko bibo, tunda la mkorosho, ambalo nalo hulipita chungwa. Watu huchuma korosho wakauza, na mabibo wakayaacha yaoze chini ya miti, au, na hili ni baya zaidi, yakachachushwa yakawa pombe. Basi mtu huifanya neema ya Mola wake kuwa kileo kilicho haramu, na hali angeila ingali mbichi, au akaikamua akanywa maji yake siku ileile, ingekuwa halali na afya kwake na kwa watoto wake. Kadhalika majani ya mboga hufaa, nayo yasipikwe mno, kwani moto mrefu huiua vitamini hiyo.

Lakini hapa pana tanbihi mbili. Ya kwanza: mwenye kula matunda na mboga katika siku zake hana maradhi ya mabaharia. Akiona damu, na aitafute sababu yake katika ukoga, wala asidhani kwamba ndimu peke yake zitamtosha. Ya pili: ndimu ni ya kuliwa na kunywewa, si ya kusugulia meno wala fizi. Ukali wake hula ngozi ngumu ya jino, nayo ikiliwa haioti tena. Na kadhalika mkaa na mchanga. Vyote viwili hukwaruza jino na kuuchubua ufizi.

FASILI YA TATU: SABABU NYINGINE ZISIZOPASA KUPUUZWA

Kwanza ni tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna na ugoro. Tumbaku huudhoofisha ufizi na huuharakisha ugonjwa wa mfupa. Na ndani yake mna hadaa: moshi hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo mvutaji huenda asione damu, akajiona mzima, na hali meno yake yanalegea. Na tambuu yenye popoo na tumbaku, mbali na kuudhuru ufizi, huleta saratani ya kinywa.

Pili ni kisukari. Mwenye kisukari asiyejitunza hupatwa na ugonjwa wa fizi kwa wepesi, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari yake iwe ngumu kutulizwa. Kila kimoja humsaidia mwenzake. Mtu akiona fizi zinavimba mara kwa mara, na kiu imezidi, na haja ndogo imekuwa nyingi, na aende kupimwa.

Tatu ni mimba. Fizi za mwanamke mwenye mimba hutoka damu kwa wepesi kuliko ada. Si ajabu wala si uchawi, wala si sababu ya kumzuia mswaki. Bali mume wake na amhimize, na ampatie matunda, na ampeleke kwa tabibu wa meno kama damu imezidi.

Nne ni dawa na maradhi ya damu. Ziko dawa zinazoifanya damu isigande upesi, wapewazo wagonjwa wa moyo. Mwenye kuzitumia asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amwambie daktari wake. Na damu ya ufizi ikija pamoja na homa, na kukonda, na udhaifu, na alama za wekundu au weusi katika ngozi pasipo kupigwa, hiyo haingoji: na aende hospitali siku hiyohiyo.

FASILI YA NNE: ADABU YA MSWAKI

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mswaki husafisha kinywa na humridhisha Mola, na kwamba lau si kukhofu kuutia umma wake mashakani angaliwaamrisha kupiga mswaki katika kila sala. Na katika saa zake za mwisho hapa duniani, alipokuwa ameegemea kifuani pa Bibi Aisha (r.a.), aliingia Abdurrahman bin Abi Bakr na mswaki mkononi. Bibi Aisha akaona jinsi Mtume anavyoutazama, akauchukua, akautafuna mpaka ukawa laini, kisha akampa. Khabari hii imo katika Bukhari. Na ndani yake mna mafunzo mawili: kwamba mswaki hauachwi hata katika maradhi, na kwamba hulainishwa kwanza kabla ya kutumiwa.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba mswaki husuniwa upana wa meno, na kwa kila kitu chenye mkwaruzo, isipokuwa kidole cha mtu mwenyewe katika kauli iliyo sahihi zaidi. Na wenye kuisherehesha madhehebu wametaja kwa nini imechukizwa kusugua meno kwa urefu: kwa kuwa huenda kukautoa damu ufizi na kuiharibu nyama iliyo baina ya meno. Basi na itazamwe vema: maulamaa wa Kishafii wameulinda ufizi kwa hukumu, karne nyingi kabla ya matabibu wa leo. Muradi wao ni kwamba mswaki uondoe uchafu pasipo kujeruhi.

Na namna yake ni hii. Mswaki wa mti, na ulio bora ni ule wa mwaraka, ndio mti uitwao mswaki, ukatwe mbichi, umenywe ganda kiasi cha upana wa kidole, uloweshwe, utafunwe mpaka nyuzi zake ziwe laini. Ncha ikichakaa na ikatwe, itolewe mpya. Na mwenye kutumia mswaki wa dukani amepata sunna pia, kwa kuwa nao una mkwaruzo. Na achague wenye nywele laini, na aubadilishe kila miezi mitatu au kabla yake ukiwa umepinda. Dawa ya meno yenye floraidi husaidia meno yasioze.

Aanze kwa upande wa kulia. Auweke mswaki pale jino linapokutana na ufizi, kwani ndipo ulipo ukoga, akauendesha kwa mwendo mfupi mwepesi, jino baada ya jino, nje na ndani, juu na chini. Watu wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana, wakayaacha ya nyuma na upande wa ndani, na huko ndiko damu inakoanzia. Asikandamize, mkono uwe mwepesi kama wa mtu anayefuta vumbi juu ya msahafu. Afanye hivyo kwa muda wa dakika 2, mara 2 kwa uchache kila siku, na ya usiku kabla ya kulala isikose. Na baina ya meno apitishe kijiti laini au uzi, kwani hapo mswaki haufiki.

Mwenye fizi zinazovuja akiianza desturi hii, damu itaendelea kutoka siku za kwanza. Asitishike. Kidogo kidogo itapungua, na kwa walio wengi hukatika ndani ya juma 1 au 2. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo huupoza ufizi, lakini hakuondoi ukoga. Na damu isipokatika baada ya majuma 2, basi ni alama kwamba liko jiwe la ukoga au sababu nyingine, na haina budi kwenda kwa tabibu wa meno. Husemwa mitaani kwamba kukwanguliwa jiwe hilo huyalegeza meno. Si kweli. Meno yalikwisha kulegezwa na ugonjwa, na jiwe ndilo lililouficha ulegevu huo. Kuliondoa ndiyo njia ya kuyaokoa yaliyosalia.

FASILI YA TANO: HUKUMU ZAKE

Watu wa Kilwa ni Mashafii tangu zamani. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, katika zama za Sultani Hasan bin Suleiman, aliwasifu kwa dini na wema, akataja kwamba madhehebu yao ni ya Imam Shafii. Basi hukumu zinazofuata ni za madhehebu hayo.

Mas'ala ya kwanza: damu ya ufizi haitengui udhu, kwa kuwa kitokacho katika mwili hakitengui udhu ila kikitoka katika njia mbili. Lakini ni najisi. Hutemwa wala haimezwi, na kinywa husukutuliwa kwa maji kabla ya sala. Kwa hiyo mwenye fizi dhaifu na aupige mswaki pale anapotia udhu, ili kusukutua kufuate papo hapo.

Mas'ala ya pili: maulamaa wamesema kwamba mwenye kujua kwa ada yake kuwa mswaki humtoa damu, na autumie kwa upole, na kama haiwezekani, auache. Wako walioishika nusu ya pili ya maneno haya wakaitupa nusu ya kwanza. Upole ndio uliotangulizwa, na kuacha ni kwa asiyeweza. Na ikiwa damu yenyewe imeletwa na ukoga, basi mwenye kuacha kabisa hujifunga katika dhara isiyokwisha: huacha kwa ajili ya damu, na damu huzidi kwa ajili ya kuacha.

Mas'ala ya tatu: katika saumu, mwenye kutokwa na damu ufizini akaimeza kwa makusudi, au akameza mate yaliyonajisika kwayo, saumu yake hubatilika, hata kama mate yameonekana meupe, maadamu hakukiosha kinywa. Basi na ateme, na asukutue kwa kiasi pasipo kuzidisha. Ama aliyepewa mtihani wa damu isiyokatika, hata asiweze kujilinda nayo, Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, ameeleza katika Tuhfa kwamba husamehewa. Na dini hii haina uzito.

Mas'ala ya nne: mswaki kwa mwenye kufunga ni sunna mpaka jua lipinduke, baada ya hapo ni makuruhu katika kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu, na Imam Nawawi katika Majmuu amekhitari kwamba si makuruhu. Vyovyote iwavyo, hapana hoja ya kuacha mwezi mzima. Usiku wa Ramadhani ni mrefu: yupo mwenye kupiga mswaki baada ya futari na baada ya daku, na asubuhi kabla ya adhuhuri. Anayefanya hivyo kuanzia Shaabani, Ramadhani humkuta na ufizi mkavu, akafunga pasipo wasiwasi.

KHATIMA

Meno ni amana. Kwayo mtu hula riziki yake, na kwayo huzitoa herufi za Qurani katika makhraj yake. Aliyepotewa na meno ya mbele anajua jinsi herufi za dhali na thaa zinavyomponyoka. Mlezi na amfundishe mtoto mswaki pamoja na alifu na bee, na baba awe wa kwanza kuonekana nao mkononi. Na aliyeona damu penye birika leo, asiurudishe mswaki mfukoni. Na aulainishe, apunguze mkono, aendelee.

Mwenyiezi Mungu atujaalie usafi wa vinywa na wa nyoyo, na atupe mwisho mwema. Wallahu aalam.